“Umelipa” Bila Alama ya Kuuliza: Uchambuzi wa Kisa cha Ndugu Wawili

Kuhusu kisa hiki

Dada na mdogo wake wa kiume walikaa wiki tatu bila kusikia sauti ya mwenzake, katika kipindi ambacho mama yao anauguzwa. Chanzo kilikuwa ujumbe wa neno moja. Nimekiandika kisa chao kwa ruhusa yao wote wawili na ya mama yao. Majina, mahali na kazi zao nimeviondoa, na mambo madogo mawili matatu nimeyabadilisha wasije wakatambulika. Ujumbe wenyewe sikuugusa. Umebaki herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, maana hapa herufi na nukta ndiyo habari yenyewe. Nitawaita Dada na Mdogo.

Mimi ni mhariri. Kila siku naweka na kuondoa alama za uandishi kwenye maandishi ya watu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nukta ni nukta popote ilipo. Dada ni rafiki yangu wa tangu shule, na alinitafuta kwa sababu hiyo hiyo ya kazi yangu: alitaka nimwambie kama ameandika kitu kibaya.

Hali ilivyokuwa

Mama alikuwa ametoka hospitali baada ya upasuaji, akitakiwa kurudi kliniki mara kwa mara. Wanawe waligawana mzigo bila ugomvi. Dada, anayeishi mbali, analipa. Mdogo, anayeishi na mama, anampeleka na kumrudisha. Ni mgawanyo mzuri, ila una udhaifu mmoja: mwenye fedha hayuko kliniki, na aliye kliniki hana fedha. Kila safari ilitegemea habari ifike kwa wakati na ieleweke ilivyokusudiwa.

Mwanzoni walipigiana simu kila jioni. Kisha Mdogo akahamishiwa zamu ya usiku. Yeye akiamka, Dada yuko kazini. Dada akitoka kazini, yeye anajiandaa kwenda. Simu ikabaki ya Jumapili peke yake, na mengine yote yakahamia kwenye ujumbe wa maandishi.

Sasa, wanaandikaje? Dada ameandika barua za ofisi kwa zaidi ya miaka ishirini. Ujumbe wake huanza kwa herufi kubwa, huwa na koma panapostahili, na haukosi nukta mwishoni. “Nimepata. Asante.” “Tuma picha ya risiti.” Hata watoto wake anawaandikia hivyo hivyo. Mdogo ana miaka ishirini na kitu. Haweki nukta wala alama ya kuuliza, na wazo moja hulikata vipande akavituma kimoja kimoja:

> shkamoo dada
> leo mama kalala vzr
> dokta kasema 2rudi j3
> ucjali dada

Kwa wiki kadhaa mitindo hii miwili ilikaa pamoja bila shida yoyote. Nadhani ni ile simu ya Jumapili iliyokuwa inaibeba: kila wiki walisikiana upya, na sauti hiyo ikawasindikiza kwenye ujumbe wa siku sita zilizofuata.

Mambo yalivyofuatana

Jumapili moja jioni, Dada alilipia kipimo cha kesho yake. Kwenye namba ya malipo akakosea tarakimu moja. Fedha ikatoka kwake, lakini huko kliniki haikuonekana. Usiku ule karani wa kliniki akamjulisha Mdogo, ambaye namba yake ndiyo iliyoandikishwa, kwamba malipo hayajaonekana. Mdogo alikuwa kazini. Hakutaka kumwamsha dada yake usiku wa manane, akasubiri hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, ndipo akaandika:

> umelipa

Alikuwa anauliza.

Dada aliamka akaukuta. Yeye alishalipa, na alilala akingoja kuambiwa kwamba malipo yamefika. Akausoma kama taarifa: kliniki wamethibitisha, umelipa. Akajibu:

> Sawa. Nashukuru.

Jibu lilimkuta Mdogo njiani akirudi nyumbani. Ameuliza swali la ndiyo au hapana, amejibiwa “Sawa. Nashukuru.” Kwake yeye hapakuwa na tafsiri nyingine: nimekusikia, nitalipa, na ahsante kwa kunikumbusha kana kwamba sijui wajibu wangu. Maneno mawili, nukta mbili. “Nilijua nimemkera,” aliniambia baadaye. Akaamua asimsumbue tena.

Saa tatu asubuhi walikuwa kliniki. Saa tano wakaambiwa kipimo hakitafanyika bila malipo, na nafasi akapewa mgonjwa mwingine. Mama, aliyekuwa hajala tangu jana yake kwa ajili ya kipimo hicho, akarudi nyumbani na njaa yake. Nakuomba msomaji ulibebe hilo unaposoma yanayofuata. Yaliandikwa na watu wawili wenye uchungu, na kila mmoja aliamini kwamba amefanya sehemu yake.

> Mdogo: 2merudi nyumbani
> Mdogo: hawajampima
> Dada: Kwa nini hukuniambia mapema?
> Mdogo: nlikuuliza asbh
> Dada: Hukuniuliza.
> Mdogo: haya

Pakaishia hapo. Dada alianza kuandika ujumbe mrefu, aeleze kwamba risiti anayo, akaufuta, akauanza upya, akaufuta tena. Upande wa pili Mdogo aliona juu ya skrini kwamba dada yake anaandika. Maneno hayo yakatoweka, yakarudi, yakatoweka. Hakuna kilichomfikia.

Tarakimu ilirekebishwa kesho yake kati ya Dada na karani, na nafasi mpya ikapatikana baada ya wiki mbili. Simu ya Jumapili haikupigwa, wala ya Jumapili iliyofuata. Habari za mama ziliendelea kufika, lakini sasa zilikuja hivi:

> Nimempeleka mama. Amepimwa. Tumerudi salama.

Herufi kubwa, nukta tatu, hakuna neno lililokatwa. Dada alifurahi. Aliona ugomvi umemkomaza mdogo wake. Wiki ya tatu akamwandikia: “Nafurahi siku hizi unaandika vizuri.”

Jibu lilikuja papo hapo, nalo lilikuwa refu kuliko ujumbe wote wa wiki ile ukiuunganisha. Kwamba amechoka kudharauliwa. Kwamba yeye si karani wake. Kwamba kuanzia leo, habari za mama, Dada atamuuliza mama mwenyewe. Dada alikuja kwangu ameishika simu mkononi, macho mekundu. “Nimemsifu,” aliniambia. “Nimemsifu tu.”

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutosikiliza masimulizi kabla ya kuona ujumbe. Nilikwisha onja kidogo: Dada aliniambia “aliniandikia kuwa malipo yameonekana,” na Mdogo, nilipompigia, akasema “alinijibu ahsante kwa kunikumbusha.” Hakuna hata sentensi moja kati ya hizo kwenye skrini. Wote wawili walikuwa wakweli. Walikuwa wananisomea tafsiri zao, na tafsiri ilikuwa imeshafuta maandishi ya asili kichwani. Nikaomba picha za skrini kutoka simu zote mbili, zenye saa, kuanzia wiki za amani. Hizo za amani nilizihitaji zaidi kuliko za ugomvi. Huwezi kujua kama nukta ya mtu ni baridi mpaka ujue anaandikaje akiwa na furaha.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu kwangu: nisiwaeleze. Nilishaliona tatizo, na kazi yangu ni kueleza matatizo ya namna hiyo. Lakini ningemwambia Mdogo “dada yako hakukasirika,” angenisikia mimi, na mimi si dada yake. Badala yake niliwaomba kila mmoja ausome kwa sauti ujumbe wake mwenyewe wa siku ile, vile alivyousikia moyoni alipouandika, airekodi sauti hiyo na kumtumia mwenzake bila maelezo mengine. Dada aliona ni mchezo wa kitoto. Mdogo alikubali hapo hapo.

Nilizisikiliza rekodi hizo pamoja na Dada. “Umelipa” ya Mdogo ilikuwa ya chini, imepandishwa kidogo mwishoni, sauti ya mtu anayeuliza kando ya kitanda cha aliyelala. Dada alifunga macho. “Sawa. Nashukuru” yake ilikuwa na usingizi ndani yake na shukrani ya kweli. “Hukuniuliza” ndiyo iliyonishangaza. Hata mimi, niliyemjua tangu utotoni, niliisoma kama mlango unaobamizwa. Yeye aliitamka polepole, kama mtu anayepekua simu na kusema peke yake: mbona sioni?

“Haya” ya Mdogo aliirekodi mara mbili. Ya kwanza ilikuwa laini, akaifuta. Ya pili ilikuwa kavu. “Ile ya kwanza nilikuwa nadanganya,” alisema. “Siku ile nilikasirika kweli.” Namheshimu sana kwa hilo. Si kila kitu kilikuwa kutoelewana. Mwishoni mwa mazungumzo yale hasira ilikuwepo, ya haki au isiyo ya haki, na Dada alistahili kuisikia ilivyo.

Uamuzi wa tatu ulihusu makubaliano. Dada alikuja na orodha ya kanuni saba za namna ya kuandikiana, ya kwanza ikiwa alama ya kuuliza ni lazima. Nilimsihi asiitume. Kanuni zote saba zilikuwa mtindo wake yeye. Kumtaka Mdogo aandike kama dada yake ilikuwa ni kumtaka aandike vile anavyoandika akiwa amekasirika. Nikapendekeza kila mmoja achague kitu kimoja tu, kutoka kwenye mazoea yake mwenyewe. Mdogo akachagua “au bado”: akiuliza lolote la fedha au tarehe, atamalizia na maneno hayo, *umelipa au bado*, kwa sababu hivyo ndivyo anavyouliza akiwa anaongea. Dada akachagua kwamba jambo likimpandisha moyo hataliandika, atalisema kwa sauti. Baadaye akaongeza lake la pili bila kuombwa: ataandika “Nitumie” badala ya “Tuma.”

Matokeo

Simu ya Jumapili ilirudi wiki ile ile. Mdogo aliomba radhi kwa ule ujumbe mrefu, na Dada kwa “Kwa nini hukuniambia.” Kwa muda wa miezi miwili niliyowafuatilia, hakuna safari ya kliniki iliyoharibika tena.

Jambo moja lilishindikana waziwazi. Dada aliingiwa na hofu ya nukta, akaanza kuziweka tatu: “Sawa...” “Nimeona...” Kwa kizazi chake vidokezo vile ni ulaini, sentensi iliyoachwa wazi ili mwenzako aingie. Mdogo aliviona kama maneno yaliyomezwa. Siku mbili tu zilipita akapiga simu: “Dada, kuna nini?” Dada akarudi kwenye nukta yake moja, na Mdogo akasema heri hiyo, ameshaizoea.

Na liko ambalo halijapona. Ule ujumbe mrefu bado umo kwenye simu ya Dada. Aliniambia huwa anaurudia akiwa peke yake. Neno kali la mdomo hupungua makali kila unapolikumbuka. Lililoandikwa hukungoja vile vile lilivyokuwa.

Uchambuzi

*Swali linaloishi kwenye sauti*

Nianze na Kiswahili chenyewe, maana hapa ndipo mzizi ulipo. Lugha kama Kiingereza, mtu akiuliza swali la ndiyo au hapana, mpangilio wa maneno hubadilika, hivyo hata bila alama msomaji ataliona swali. Kiswahili hakina haja hiyo. “Umelipa” ya taarifa na “umelipa” ya swali ni neno lile lile, silabi zile zile, mkazo kwenye silabi ile ile ya pili kutoka mwisho. Kiimbo peke yake ndicho kinachotenganisha. “Utakuja kesho” inaweza kuwa swali, ahadi uliyonipa ninayoirudia, au amri. Tukiongea hatukosei. Tukiandika bila alama ya kuuliza, tumeondoa kitu pekee kilichokuwa kinabeba swali.

Lugha ina dawa zake, lakini kila moja ina ladha. “Je, umelipa?” ni wazi, ila kati ya ndugu inasikika kama fomu ya ofisi. “Hivi umelipa” inaingiza shaka. “Kwani umelipa” inadokeza kwamba nilitarajia vingine. “Eti umelipa” inamaanisha nimesikia kwa mtu. “Umelipa au bado” inaacha milango yote miwili wazi na hailaumu upande wowote: kama bado, basi bado. Mdogo hakulichagua kwa kuchambua hivi. Lilikuwa tayari mdomoni mwake. Ndiyo sababu limedumu, wakati kanuni saba za dada yake zisingemaliza wiki.

*Nukta*

Kwenye barua, nukta inamwambia msomaji kwamba sentensi imekwisha. Kwenye ujumbe wa simu, kazi hiyo inafanywa na kitufe cha kutuma. Ukishatuma, kila mtu anaona umemaliza. Nukta ikabaki haina kazi, na alama isiyo na kazi ikionekana, msomaji huitafutia sababu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton nchini Marekani, wakiongozwa na Celia Klin, waliwapa wanafunzi 126 mazungumzo mafupi ya kusoma, ambamo mtu anajibu mwaliko kwa neno moja. Majibu yaliyoishia na nukta yalionekana kuwa na ukweli mdogo wa moyo kuliko yasiyo nayo. Mazungumzo hayo hayo yalipowekwa kama karatasi iliyoandikwa kwa mkono, tofauti ikatoweka. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2015. Hiyo sehemu ya karatasi ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inaonyesha kwamba ubaridi haumo ndani ya nukta. Umo kwenye mazoea ya mahali inapoandikwa.

Hapa ndipo ninapotaka kwenda hatua moja zaidi, kwa kuwa kisa hiki kinanilazimisha. Mazoea si ya simu peke yake, ni ya mtu. Nukta ya Dada haikuwa na maana yoyote, kwa kuwa haikosekani kamwe. Ni kama anavyopumua. Nukta ya Mdogo ilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa haikuwahi kuwepo. Alama ile ile, kwa ndugu wawili wa tumbo moja, kwa huyu ni kimya na kwa yule ni kelele. Anayetaka kuisoma hisia kwenye ujumbe asiulize “nukta inamaanisha nini.” Aulize “huyu huwa anaandikaje, na leo amebadilika wapi.”

Dada hakuuliza hivyo. Macho yake yalizoea kutafuta usahihi, na usahihi ulipoongezeka akaona mapenzi yameongezeka. Nilipoziweka picha za skrini kwa mfuatano, niliona kitu ambacho yeye hakukiona: katika wiki za amani, karibu kila ujumbe wa Mdogo ulikuwa na neno “dada,” mara nyingi na “shkamoo” mbele yake. Baada ya “haya,” neno hilo halikutokea tena hata mara moja. Wiki tatu. Sarufi ilinyooka siku ile ile udugu ulipotoka kwenye maandishi. Nilipomwonyesha, aliiweka simu yake mezani na kukaa kimya muda mrefu.

Hata yale maneno yaliyokatwa aliyokuwa akiyachukia yana historia ya kuheshimiwa. Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulitumwa Desemba 1992, na teknolojia yake ilikuwa na kikomo cha herufi 160. “Cjui,” “w2,” “2naenda” vilikuwa ubanaji wa nafasi. Leo nafasi si tatizo tena kwa mtumiaji, lakini ufupisho umebaki, kwa kazi mpya: humwandikii hivyo bosi, unamwandikia mtu usiyemwogopa. Dada alipoona “ucjali dada” aliona uvivu. Mdogo alikuwa anamwambia kwamba wako karibu.

*Mwandishi husikia sauti ambayo msomaji haipati*

Mdogo aliponisomea “umelipa,” hakuelewa kabisa inawezekanaje mtu asisikie swali. Alilisikia yeye alipokuwa akiandika. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio juu ya jambo hili hili: watu walituma sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wakatabiri kama mpokeaji atatambua ipi ni ipi. Walitabiri kwamba wapokeaji watapatia karibu asilimia 78. Waliosikia kwa sauti walipatia asilimia 73. Waliosoma barua pepe walipatia 56, ambayo si mbali na kubahatisha. Mwandishi ana sauti yake kichwani na anadhani ameituma pamoja na maneno.

Msomaji naye hasomi kwa utupu. Sauti isipokuja, anaijaza ya kwake, na aghalabu ni ile anayoiogopa. Kristin Byron, aliyeandika mwaka 2008 juu ya hisia katika barua pepe za kazini, alieleza kwamba ujumbe wa furaha huelekea kusomwa kama wa kawaida, na ujumbe usio na ubaya huelekea kusomwa kama mbaya. Mdogo alikuwa na hofu yake ya siku zote, kwamba asiyetoa fedha haonekani kama anafanya kitu. “Sawa. Nashukuru” ikaingia moja kwa moja kwenye hofu hiyo. Dada naye alikuwa na matumaini, akingoja habari njema ya malipo, na “umelipa” ikaingia kwenye matumaini. Kosa moja, kwa njia mbili tofauti.

*Maneno yenyewe*

Isidhaniwe kwamba alama zilibeba yote. “Kwa nini hukuniambia mapema?” ilikuwa na alama ya kuuliza iliyonyooka, na bado ilichoma. “Kwa nini” ikifuatwa na kitendo ambacho hakikufanyika, hilo ni shtaka lililovaa nguo ya swali, jibu lake limeshawekwa, nalo ni “umekosea.” “Ilikuwaje?” ingeuliza jambo lile lile bila kumweka mtu kizimbani. Vivyo hivyo “Tuma picha ya risiti.” Kwa sauti ya dada mkubwa, amri hiyo ina joto lake. Kwenye skrini joto halipo, imebaki amri. “Nitumie” inamrudisha dada ndani ya sentensi: kuna mtu anayehitaji.

Kuhusu “haya,” sijui neno la Kiswahili lenye sura nyingi kuliko hilo kwa udogo wake. Ni kukubali, ni kuhimiza, ni kuaga, ni kusalimu amri, ni “fanya upendavyo, mimi simo.” Kwa sauti, hata mtoto anazitofautisha. Likiandikwa peke yake, bila kitu mbele wala nyuma, msomaji ana haki ya kuogopa. Laiti Mdogo angeandika “haya dada,” nadhani wiki hizo tatu zisingekuwepo.

*Ambalo halikuwa suala la mtindo*

Lazima niwe mwadilifu kwa alama ya kuuliza. Hata kama Mdogo angeiweka, “umelipa?” ingejibiwa “Ndiyo, nimelipa,” na fedha ingeendelea kukwama kwenye namba isiyo sahihi. Hakuandika kile alichokijua: kwamba karani amesema malipo hayajaonekana. Hilo ndilo lililohitaji kusafiri alfajiri ile. Alilificha kwa huruma, asimtie dada yake wasiwasi mapema. Na Dada, kwa upande wake, hakutuma risiti jioni ya Jumapili ingawa ndiye aliyezoea kudai risiti kwa wengine. Ingetumwa, karani angeiona tarakimu.

Mimi nami kuna nilichokosea. Niliwashughulikia ndugu wawili na simu mbili, nikamwacha mama kama mtu anayezungumziwa. Nilizungumza naye mara ya kwanza nilipompigia kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kuhusu benchi la kliniki, kati ya saa tatu na saa tano, jambo ambalo hakuna mwanawe aliyewahi kunitajia. Alimwambia Mdogo mara mbili, “Mpigie dada yako.” Na mara zote mbili Mdogo alimjibu, “Nimeshamwandikia, mama.”